Kompyuta Moja kwa Kazi Tatu: Makosa Niliyoyafanya Katika Kuchagua Vifaa

Orodha yangu ya kwanza ya vifaa niliiandika usiku mmoja mwishoni mwa mwaka 2023, na niliianzia kwenye kadi ya michoro. Niliweka kadi niliyoitamani, RTX 4070 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12, kisha nikahesabu fedha iliyobaki na kuigawa kwa vifaa vingine vyote. Kadi peke yake ilimeza karibu nusu ya bajeti. Prosesa ilipata fungu lake, ubao mama unaounganisha vifaa vyote ukapata kidogo, RAM (kumbukumbu ya muda) na diski zikapata kilichosalia, na pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, haikupata chochote kwa sababu nilikusudia kutumia ile ya kompyuta yangu ya zamani. Mpangilio huo ndio uliozaa karibu makosa yote nitakayoyaeleza hapa, na nilipomaliza kuyasahihisha nilikuwa nimetumia takriban robo zaidi ya fedha niliyoipanga, pamoja na miezi mitano ya kuhangaika.

Nilihitaji mashine moja ya kazi tatu: kucheza gemu, kurusha uchezaji huo mubashara, na kuhariri video za mafunzo ambazo ndizo zinazoniingizia kipato. Miongozo mingi niliyoisoma ilipima kompyuta kwa idadi ya fremu ambazo gemu linatoa kwa sekunde, nami nikaamini kwamba mashine itakayofaulu kipimo hicho itafaulu vyote. Ukweli ni kwamba kila kazi kati ya hizi tatu inaielemea sehemu nyingine ya mashine. Gemu huielemea kadi ya michoro kwanza, kisha prosesa. Urushaji hutegemea sehemu ndogo tu ya kadi, pamoja na kasi ya intaneti ya kupakia. Uhariri hula RAM, diski na uwezo wa mashine kufungua aina fulani za faili, na katika orodha yangu hayo matatu ndiyo niliyokuwa nimeyapunja.

Jambo moja nililichagua vizuri tangu mwanzo, nalo ni prosesa. Ushauri wa zamani ulisema kwamba anayetaka kucheza na kurusha kwa pamoja anunue prosesa yenye viini (sehemu za kuchakata kazi) vingi kadiri awezavyo, au hata awe na kompyuta mbili, moja ya gemu na nyingine ya kurusha. Ushauri huo ulikuwa na msingi wake: wakati ule programu ya kurushia na kurekodi kama OBS Studio ilitegemea zaidi prosesa kuibana video kabla ya kuituma, na gemu nalo lilikuwa likiihitaji prosesa hiyo hiyo. Hata hivyo, kadi za NVIDIA zina sehemu maalumu ya kubana video, iitwayo NVENC, ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote, na tangu kizazi cha RTX 20 cha mwaka 2018 ubora wake umekuwa wa kutosha kwa urushaji wa kawaida. Kizazi cha RTX 40 kiliongeza uwezo wa kubana kwa AV1, mbinu mpya zaidi ya kubana video. Baada ya kulielewa hilo niliacha kuwaza prosesa ya viini 16 na kuchukua Ryzen 7 7700 yenye viini 8 na nyuzi 16, ambayo haitumii umeme mwingi na inapozwa bila shida na kipoza joto cha kawaida cha hewa. Sijawahi kujutia uamuzi huo.

Matatizo yalianza siku ya kuunganisha. Kompyuta ya zamani ilikuwa na vipande viwili vya RAM ya DDR4, kizazi kilichotangulia DDR5, vilivyokuwa bado vizima, na nilikuwa nimevihesabu kama mali. Ubao mama wangu mpya ulikuwa wa soketi (mahali pa kuchomekea prosesa) ya AM5, nami sikuwa nimesoma mstari mmoja ulioandikwa wazi kwenye maelezo yake, kwamba soketi hiyo hupokea DDR5 pekee. Nilikishika kipande cha kwanza, nikakilenga kwenye nafasi yake, nikabonyeza. Hakikuingia. Nikakigeuza, nikabonyeza tena kwa vidole gumba viwili, ubao ukaanza kujipinda kidogo chini ya mkono wangu, na hapo nikaacha. Nilikiinua kwenye mwanga wa taa nikakilinganisha na nafasi yenyewe: pengo dogo lililokatwa katikati ya miguu ya rangi ya dhahabu lilikuwa limepishana kwa milimita chache na kizuizi kilichomo ndani ya nafasi. Vipande vya aina zote mbili vina miguu 288 na urefu uleule, kwa hiyo kwa macho vinafanana kabisa, na pengo hilo limehamishwa makusudi ili mtu kama mimi asiunguze vifaa. Ningebonyeza kwa nguvu zaidi, ningevunja ubao.

Kwa mtu anayeanza, ningemshauri aandike vitu vitatu kwenye karatasi moja kabla ya kulipia chochote: soketi ya prosesa, aina ya RAM ambayo ubao wake unapokea, na toleo la BIOS (programu ya msingi inayouwasha ubao) ambalo ubao unalihitaji ili uitambue prosesa hiyo. Hilo la tatu husahaulika sana. Ubao wa kizazi kilichotangulia unaweza kuwa na soketi inayoafikiana na prosesa mpya na bado ukakataa kuwaka hadi BIOS isasishwe, na usipokuwa na prosesa ya zamani ya kuuwashia, utahitaji ubao wenye kitufe cha kusasishia BIOS kwa kutumia flashi peke yake. Kwa upande wa Intel nako kuna jambo la kuangalia: bao za soketi ya LGA1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na jina la ubao linaweza kutofautiana kwa herufi chache tu.

Nilinunua DDR5, lakini kwa kuwa fedha ilikuwa imekwisha nilichukua vipande viwili vya gigabaiti 8, jumla 16, nikijiambia kwamba nitaongeza vingine viwili baadaye. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu neno "baadaye" lilikuja kuwa na gharama yake.

Nilipobonyeza kitufe cha kuwasha kwa mara ya kwanza, feni zilizunguka, skrini ikabaki nyeusi, na kwenye kona ya ubao taa ndogo ya njano ikawaka kando ya neno DRAM. Nilisubiri kama nusu dakika, nikazima. Nikatoa RAM, nikairudisha, nikawasha, taa ileile. Nikazima tena. Mdogo wangu, aliyekuwa ameketi sakafuni akikusanya mifuko ya plastiki, alisema, "Dada, hebu iache kwanza, labda inajipima." Sikumsikiliza mara moja, ila kwa kuchoka nikaiacha, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi skrini ilikuwa inaonyesha nembo ya ubao. Bao za AM5 huipima na kuizoea RAM mpya katika uwashaji wa kwanza, na shughuli hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa giza totoro. Kila nilipozima nilikuwa naikatiza na kuilazimisha ianze upya. Jambo hilo lilikuwamo kwenye kijitabu cha ubao. Kusubiri kwa dakika kumi hakuna gharama, ilhali nilikuwa nimeshaanza kuandika malalamiko ya kurudisha ubao uliokuwa mzima.

Ukishawaka, kuna hatua nyingine ambayo watu wengi huikosa na kuishi nayo kwa miaka. RAM haiendi kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi mpaka uingie kwenye BIOS na kuwasha wasifu wake, unaoitwa EXPO kwenye mashine nyingi za AMD na XMP kwenye za Intel. RAM yangu iliandikwa 6000, lakini ilikuwa inafanya kazi kwa 4800. Vilevile, kwenye ubao wenye nafasi nne, vipande viwili huwekwa kwa kawaida kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ili njia zote mbili za kumbukumbu zitumike. Na kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi ya michoro, isichomekwe kwenye ubao mama. Ryzen 7 7700 ina uwezo mdogo wa picha ndani yake, hivyo skrini itawaka hata ukikosea, na utashangaa kwa nini gemu linatambaa.

Wiki tatu za kwanza nilicheza tu, na kwa gemu mashine ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Siku nilipoanza kurusha ndipo picha ilipoanza kukwamakwama kwa watazamaji, ingawa kwangu ilikuwa laini. Nilidhani ni intaneti, nikapunguza ubora, hali ikabaki vilevile. Niliamini prosesa imeelemewa, nikaanza kujuta kwamba sikuchukua ile kubwa. Nilipoteza siku nne katika kukisia, wakati OBS ina dirisha la takwimu linaloeleza tatizo bayana. Dirisha hilo huonyesha hesabu tatu za fremu zilizopotea, na kila hesabu ina chanzo chake. Ya kwanza ni fremu zilizokosekana kwa kuchelewa kuchorwa, na hiyo humaanisha kadi ya michoro imejaa kazi. Ya pili ni fremu zilizorukwa kwa sababu kifaa cha kubana video kimezidiwa. Ya tatu ni fremu zilizotupwa na mtandao, na hiyo ndiyo pekee inayohusu intaneti.

Kwangu ilikuwa ya kwanza. Gemu lilikuwa limeachwa bila kikomo cha fremu, kwa hiyo liliichukua kadi kwa asilimia 99, na OBS ikakosa hata nafasi ndogo ya kupanga picha yake. Niliweka kikomo cha fremu kwenye gemu chini ya uwezo wa juu wa kadi, nikaiendesha OBS kwa ruhusa ya msimamizi ili Windows iipe kipaumbele kwenye kadi, na tatizo likatoweka jioni ileile. Hakikununuliwa kitu chochote. Ninalieleza kwa urefu kwa sababu nilikuwa nimebakiza hatua moja tu niagize prosesa nyingine, na najua wapo wanaoziagiza.

Kuhusu intaneti, pima kasi ya kupakia, kwa sababu ya kupakua haihusiki na urushaji. Twitch, jukwaa la kurushia mubashara, wanapendekeza kilobiti 6000 kwa sekunde kwa picha ya 1080p yenye fremu 60, pamoja na kiwango cha data kisichobadilikabadilika na fremu kuu (picha kamili) kila baada ya sekunde 2. Ikiwa kasi yako ya kupakia inagusa kilobiti 6000 kwa shida, rusha kwa 720p. Picha ndogo iliyotulia hutazamika kuliko picha kubwa inayokatika.

Sasa nije kwenye pawasaplai, ambayo ndiyo kosa linaloniuma zaidi. Ile ya zamani ilikuwa ya wati 450. Nilikuwa nimepiga hesabu kwenye karatasi: kadi wati 200, prosesa isiyozidi 90 kwa matumizi yake ya juu, feni, diski na ubao labda 60, jumla 350. Hesabu ilionekana kuacha nafasi ya kutosha. Kile ambacho hesabu hiyo haikuonyesha ni kwamba kadi za michoro za kisasa huchota umeme kwa mirindimo mifupi sana inayozidi kwa mbali wastani wake, na kwamba pawasaplai iliyotumika kwa miaka mingi haina tena uwezo iliozaliwa nao. NVIDIA wenyewe wanapendekeza wati 650 kwa kadi ile.

Usiku mmoja, baada ya karibu saa tatu za kurusha, kompyuta ilizimika ghafla. Haikuonyesha ujumbe wowote wa kosa. Ulisikika mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Nilipoiwasha, rekodi niliyokuwa nikiihifadhi kwenye diski sambamba na urushaji, ambayo nilitarajia kutengeneza video mbili kutokana nayo, haikufunguka. Faili ilikuwepo, yenye ukubwa wa gigabaiti nyingi, lakini hakuna programu iliyoweza kuisoma. Nilikuwa nikirekodi kwa MP4 ya kawaida, na faili ya aina hiyo huandika muhtasari wake mwishoni kabisa, pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Mashine ikizimika kabla ya hapo, muhtasari haupo na faili yote inapotea. Nilijaribu kuiokoa kwa siku mbili bila mafanikio. Kazi ya saa tatu ilikwenda hivyo.

Tangu siku hiyo narekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili, ambayo hubaki salama hadi sekunde ya mwisho hata umeme ukikatika, kisha naigeuza kuwa MP4 ndani ya OBS kwa dakika chache bila kupoteza ubora. Wasomaji wakichukua jambo moja tu kutoka kwenye simulizi hii, ningefurahi liwe hilo, kwa sababu halina gharama na linachukua sekunde kumi kulibadilisha.

Mashine ilizimika mara tano zaidi kabla sijaamini kwamba chanzo ni pawasaplai. Nilijaribu RAM, draiva na joto. Dalili ilikuwa wazi tangu mwanzo: kuzimika kwa ghafla pale tu kadi inapofanya kazi kubwa, bila skrini ya bluu ya kosa ya Windows. Nilinunua ya wati 750 yenye cheti cha 80 PLUS Gold. Cheti hicho, ieleweke, hupima kiasi cha umeme usiopotea kama joto; hakikuhakikishii kwamba kinga za ndani ni nzuri, kwa hiyo soma pia vipimo vya watu waliokifungua kifaa chenyewe. Na ukibadilisha pawasaplai yenye kebo za kuchomoa, ondoa na kebo zake zote. Usitumie kebo za zamani kwenye pawasaplai mpya hata kama zinaingia vizuri, kwa kuwa upande wa pawasaplai hauna mpangilio mmoja wa nyaya unaofuatwa na watengenezaji wote, na mchanganyiko huo unaweza kuunguza diski au ubao kwa uwashaji mmoja.

Uhariri ndio ulionifundisha zaidi, na ndio ninaotamani ningeanza nao. Kamera yangu hurekodi 4K kwa H.264 (mbinu ya kubana video), rangi za 4:2:2 na biti 10, yaani zenye maelezo mengi ya rangi kuliko 4:2:0 na biti 8 za kawaida. Niliichagua kwa sababu rangi zake huvumilia kusahihishwa bila kuchanika. Nilipozileta faili hizo kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, video ilisogea fremu mbili, ikaganda, ikasogea tena. Nilikuwa na kadi iliyonigharimu nusu ya fedha yangu, na haikuweza kucheza sekunde tano za video yangu mwenyewe bila kukwama.

Sababu yake ni rahisi mtu akishaijua. Kadi ya michoro ina sehemu maalumu ya kufungua video iliyobanwa, na sehemu hiyo inatambua aina fulani tu za faili. Kadi za RTX 40 hufungua H.264 ya kawaida ya 4:2:0 na biti 8, na HEVC (mbinu iliyoifuata H.264) ya 4:2:0 hata ya biti 10, lakini hazifungui 4:2:2. Faili zangu ziliangukia kwa prosesa, ambayo ilizifungua moja moja kwa jasho. Prosesa nyingi za Intel zenye picha ya ndani, kuanzia kizazi cha 11, hufungua HEVC ya 4:2:2 kwa kutumia Quick Sync, sehemu yake maalumu ya video, lakini faili zangu zilikuwa H.264, hivyo hata hizo zisingenisaidia. Kadi za RTX 50 zilizotoka mwaka 2025 ndizo zilizoleta uwezo huo kwa aina zote mbili. Zingatia pia kwamba prosesa za Intel zinazoishia na herufi F hazina picha ya ndani, na kwa hiyo hazina Quick Sync. Kwa mchezaji hiyo ni nafuu, kwa mhariri ni hasara iliyojificha.

Sikubadilisha kadi. Nilijifunza kutengeneza nakala nyepesi: programu huunda toleo dogo la kila klipu, la robo au nusu ya ukubwa, lililobanwa kwa namna iliyo rahisi kufungua, unakata na kupanga kwa nakala hizo, kisha wakati wa kutoa video ya mwisho programu inarudi kwenye faili halisi. Naianzisha kazi hiyo kabla ya kulala, na asubuhi nakuta kila kitu tayari. Ni njia ya bure, na kwa miradi yangu inatosha. Lakini kama ningejua kabla ya kununua, ningeyapanga haya mawili, kamera na kompyuta, kwa pamoja.

RAM nayo ilinibana. Mradi wa dakika 20 wenye tabaka kadhaa za video ulijaza gigabaiti 16 zote, na Windows ikaanza kuhamishia data kwenye diski, kila kitu kikawa kizito. Ndipo nikalitimiza lile neno "baadaye": nikanunua vipande vingine viwili vilevile, nikajaza nafasi zote nne. Kompyuta ilikataa kuwaka kwa kasi ya 6000. Kwa prosesa za Ryzen 7000, kasi rasmi ya vipande vinne vya DDR5 ni 3600, wakati vipande viwili vinaruhusiwa 5200, na wengi huvipeleka 6000 bila matatizo. Nilikuwa nimeongeza ujazo na kupoteza kasi. Mwishowe niliviuza vyote vinne kwa hasara na kununua vipande viwili vya gigabaiti 16. Kwa DDR5, nunua tangu mwanzo ujazo utakaouhitaji, katika vipande viwili. Gigabaiti 32 zimenitosha. Anayefanya kazi nzito ya picha za kuundwa kwa kompyuta ataanzia 64.

Kuhusu diski sitasema mengi. Nilinunua SSD (diski ya kasi isiyozunguka) moja ya bei nafuu ya terabaiti 1 kwa kila kitu. Gigabaiti za mwanzo ziliandikwa kwa kasi iliyotangazwa kwenye boksi, kisha, nilipokuwa nahamisha faili za kamera, kasi ilianguka hadi karibu megabaiti 100 kwa sekunde na kubaki hapo. Diski nafuu za aina ya QLC, kama yangu, hutumia sehemu ndogo ya haraka kama sebule ya kupokelea wageni, na sebule ikijaa, wageni hupangwa foleni. Kadiri diski inavyojaa, ndivyo sebule inavyopungua. Kwa anayerekodi, hesabu ya nafasi ni rahisi: rekodi ya megabiti 40 kwa sekunde ni gigabaiti 18 kwa saa, na ya megabiti 100 ni gigabaiti 45 kwa saa. Sasa nina diski mbili za NVMe (SSD za kasi zinazochomekwa kwenye ubao), moja ya mfumo na gemu, nyingine ya miradi inayoendelea, na diski ya kuzunguka ya kawaida kwa kazi zilizokwisha. Kabla ya kununua ya pili, soma kijitabu cha ubao, kwa sababu kwenye baadhi ya bao kutumia nafasi fulani ya M.2 (ya kuchomekea SSD hizo) huzima baadhi ya milango ya SATA (ya diski za kebo).

Kasha lilinipa somo dogo: uso wake ulikuwa wa kioo kitupu, feni za mbele hazikuwa na mahali pa kuvutia hewa, na mashine ilikuwa ikivuma kama upepo wa masika kila nilipotoa video. Kasha lenye uso wa wavu lilimaliza kelele hiyo. Pima urefu wa kadi na kimo cha kipoza joto kwa milimita, ulinganishe na maelezo ya kasha, hasa kama kadi ina feni tatu.

Mwaka huu mdogo wangu ameanza kutafuta kompyuta yake, naye alikuja na orodha iliyoanza na kadi ya michoro. Nilimwomba anipe kwanza klipu tatu kutoka kwenye simu yake na kifaa anachotumia kurekodi. Tulizifungua pamoja na kusoma maelezo yake. Zilikuwa HEVC ya 4:2:0, ambayo karibu kadi yoyote ya miaka ya karibuni huifungua bila shida, ila mbili kati yake zilikuwa na kasi ya fremu inayobadilikabadilika, kama zifanyavyo simu nyingi, na sauti ingeachana na midomo kwenye uhariri. Nikamwonyesha jinsi ya kuzigeuza ziwe na kasi isiyobadilika kwa HandBrake, programu ya kugeuza video. Kisha tukaandika orodha upya: RAM gigabaiti 32 katika vipande viwili, diski mbili, pawasaplai mpya, na kadi ya daraja la chini ya ile aliyoitaka. Alinyamaza kidogo akiitazama nafasi ya kadi. "Dada, na gemu je?" Tulitafuta vipimo vya gemu mbili anazocheza kila siku kwenye kadi hiyo ndogo, kwa 1080p. Zote mbili zilivuka fremu 100 kwa sekunde, na skrini yake mwisho wake ni 75. Akaichukua kalamu, akaandika jina la kadi mwenyewe.